EA-KLINA YA KONI: INAONGEZA NGUVU YA GARI AU KELELE TU?

 

Leo tuongee magari kidogo. Huku kwetu Pande, na Kilwa kwa jumla, msimu wa ufuta ukiisha na hela ikishaingia mfukoni, vijana wenye magari yao na hata wanaoendesha ya mabosi wanaanza kuyapamba. Stika, taa za bluu, rimu, spika za kutikisa vioo. Sasa kuna kitu kingine nakiona kila nikichungulia chini ya boneti: ea-klina ya koni. Lile boksi jeusi la plastiki lililokuja na gari halipo. Mahali pake kuna bomba linalong'aa, na mwisho wa bomba kuna chujio jekundu lenye umbo la koni, liko wazi kabisa, halijafunikwa na kitu.

Ukimuuliza mwenye gari anakujibu kwa kujiamini: "Mzee, sasa hivi inavuta hewa nyingi. Imeongezeka nguvu, na mafuta inakula kidogo."

Mimi sio fundi. Nimemaliza kidato cha nne tu, ila ninakaa sana gereji, nasoma sana, na fizikia ilikuwa somo langu. Nimelichimba hili swali kwa muda, na jibu fupi ni hili: kwa Probox, IST, Noah na Carina zetu hizi, koni inaongeza kelele. Nguvu inayoongezeka ni ndogo kiasi kwamba huwezi kuisikia mwilini, na mara nyingine inapungua. Na kwa barabara zetu, inaweza kukuulia injini. Jibu refu ndo hili hapa chini, soma taratibu.

INJINI INAPUMUAJE?

Petroli haiungui peke yake. Gramu 1 ya petroli inahitaji karibu gramu 14.7 za hewa ili iungue vizuri. Kwa hiyo gari linakunywa hewa nyingi kuliko petroli, tena kwa mbali sana.

Chukua injini ya cc 1496, kama ile ya Probox au IST ya 1.5. Silinda zote nne zinajaza hewa mara moja kwa kila mizunguko miwili ya injini. Ukiipigisha mizunguko 6,000 kwa dakika, hesabu inakuja karibu lita 4,490 za hewa kwa dakika moja. Yaani mapipa 22 ya lita 200, kila dakika, yote yanapita kwenye lile chujio la karatasi. Ukitembea kawaida kwenye mizunguko 2,500, hesabu ya juu kabisa ni lita 1,870, kama mapipa 9.

Kwa hiyo wanaosema hewa nyingi ndo nguvu nyingi hawajadanganya. Mfano mzuri uko kwenye mashindano ya dunia ya rally, haya ambayo Safari Rally ya Kenya ilirudishwa mwaka 2021. Injini za magari yale zina tabo, na FIA wanazipunguza nguvu kwa kuwalazimisha wapitishe hewa yote kwenye tundu moja dogo kabla ya tabo. Mwaka 2017 tundu hilo lilipanuliwa kutoka milimita 33 hadi 36, na nguvu za injini zikapanda kutoka karibu farasi 300 hadi karibu 380. Milimita tatu tu!

Basi mtu akisikia hivyo anasema "unaona sasa?" Subiri kwanza. Pale FIA wamelibana gari makusudi, na wameweka lile tundu mahali ambapo ndo penye kikwazo. Swali la kujiuliza ni hili: kwenye gari lako wewe, hewa inabanwa wapi?

HEWA INABANWA NA MGUU WAKO

Kati ya chujio na injini kuna mlango wa hewa. Ukikanyaga mafuta unafunguka, ukiachia unafunga. Ukitembea 60 au 80 kwenye tambarare, huo mlango umefunguka kidogo tu. Kinachoinyima injini hewa wakati huo ni mlango, sio chujio, na ni wewe mwenyewe umeamua kwa mguu.

Ni sawa na koki ya bomba uliyoifungua nusu. Hata ubadilishe mpira wote kutoka kwenye tenki uweke mnene mara mbili, maji yatatoka yale yale, kwa sababu koki iko nusu.

Chujio linaweza kuanza kuwa kikwazo pale tu unapokanyaga mpaka mwisho na injini iko kwenye mizunguko ya juu. Na hapo pia chujio jipya la karatasi, lile la kawaida, linabana kidogo sana. Waliotengeneza gari walipima mahitaji ya injini wakaweka chujio lenye nafasi ya ziada. Ndo maana karatasi ile imekunjwakunjwa: ukiikunjua yote ni ndefu ajabu.

Sasa njoo kwenye mafuta. Mwaka 2009 maabara ya taifa ya Oak Ridge kule Marekani ilitoa ripoti ya majaribio. Walichukua magari ya injekta, wakaziba chujio za hewa makusudi, wakapima ulaji wa mafuta. Matokeo: chujio lililoziba halikuleta tofauti ya maana kwenye mafuta, kwa sababu kompyuta ya gari inapima hewa iliyoingia na kutoa petroli inayolingana nayo. Kilichoumia ni mwendo wa kuchomoka. Walipoweka chujio safi, muda wa kuongeza kasi uliboreka kwa asilimia 6 hadi 11. Magari ya zamani ya kabureta ndo yaliyoathirika kwenye mafuta pia, asilimia chache.

Fikiria mwenyewe: kama chujio lililoziba kabisa halikuongeza ulaji wa mafuta kwenye gari la injekta, hilo la koni litaupunguza kwa njia gani?

MBONA MTU ANAAPA KUWA GARI LIMEFUNGUKA?

Hapa nataka tuelewane, maana sisemi kwamba watu ni waongo. Wanachosikia wanakisikia kweli, ila kina sababu nyingine.

Sababu ya kwanza ni sauti. Lile boksi jeusi pamoja na vile vyumba vya plastiki kwenye bomba lake viliwekwa ili kumeza mngurumo wa hewa inapovutwa. Ukivitoa, mngurumo wote unakuja sikioni. Ukikanyaga inalia "vuuuuh" kama gari la mashindano, na kichwa chako kinatafsiri kelele kuwa kasi. Saa ya mkononi haidanganyiki hivyo.

Sababu ya pili nimeiona kwa macho yangu. Jamaa mmoja mwenye IST alikuwa ananisifia koni yake kijiweni. Nikamuuliza, ile ea-klina ya zamani iko wapi? Akaitoa chini ya siti. Nikaigonga kwenye tofali mara tatu, likamwagika vumbi la kujaza kiganja. Kumbe hakuwahi kuibadilisha tangu alivyonunua gari! Kwa hiyo alilinganisha koni mpya na karatasi iliyokufa. Angeweka karatasi mpya ya kawaida angepata mchomoko ule ule, na hela ingebaki.

JOTO: HAPA NDO KONI INAPOPOTEZA

Wale mliosoma fizikia mnakumbuka kanuni ya Charles: hewa ikipata joto inatanuka. Ikitanuka, kwenye lita moja ile ile kunakuwa na hewa kidogo kwa uzito, na injini inahitaji uzito wa hewa, sio ukubwa wake.

Boksi la kiwandani halivuti hewa ya chini ya boneti. Lina mdomo unaoenda mbele karibu na grili, au pembeni kwenye matagadi, kufuata hewa ya nje. Koni iliyofungwa wazi inakaa karibu na injini na rejeta, inavuta hewa iliyokwishachemshwa.

Tufanye hesabu. Hewa ya nje ni nyuzi 30, ya chini ya boneti ni nyuzi 60. Kwa kipimo cha kelvini ni 303 na 333. Gawanya 303 kwa 333 unapata 0.91. Maana yake kwenye kila lita inayoingia umepoteza asilimia 9 ya hewa. Ukitembea kasi, upepo unapooza kule ndani na hasara inapungua. Ila ukiwa umepakia, unapanda kilima kwa gia namba mbili, yaani pale pale unapoihitaji nguvu, joto ndo liko juu. Umelipia hela ili uvute hewa ya moto.

KWANI HAISAIDII KABISA?

Inasaidia, kwenye gari la aina yake. Kama mtu ana Subaru ya tabo, amebadilisha tabo kuwa kubwa, amepanua ekzosi, na ameingiza programu mpya kwenye kompyuta ya injini, basi injini hiyo inameza hewa nyingi kuliko ilivyopangwa kiwandani. Hapo boksi la zamani linaweza kuwa kikwazo kweli, na njia pana ya hewa inayochota hewa baridi kutoka nje inaleta faida inayopimika. Lakini hiyo ni kazi nzima inayokwenda pamoja. Koni peke yake ni sawa na kununua viatu vya mpira bila kufanya mazoezi.

Na kuna mtego mwingine. Magari mengi ya injekta yana sensa ya kupima hewa, imekaa kwenye bomba baada tu ya chujio. Ndani ina waya mwembamba sana unaopashwa moto. Ukibadilisha upana wa bomba, sensa inasoma vibaya na petroli inatoka isivyotakiwa. Halafu koni nyingi za pamba zinapakwa oili maalumu ili zinase vumbi. Mtu akizidisha oili inaruka na kuganda kwenye ule waya. Hapo gari linaanza kukata, sailensa inapanda na kushuka, na taa ya injini inawaka kwenye dashibodi.

VUMBI LETU HALINA MZAHA

Sasa nakuja kwenye kitu kilichonifanya niandike haya.

Ukiacha lami ya barabara kuu ya Lindi ukaingia kuja huku kwetu, kiangazi ni vumbi. Fuso likikutangulia huoni hata boneti yako. Hilo vumbi lina mchanga, na mchanga ni kwazi. Kwa kipimo cha ugumu cha Mohs kwazi ni 7, ni gumu kuliko chuma cha kawaida. Punje ikipenya kwenye chujio inaingia silinda, inakaa kati ya ringi na ukuta wa silinda, na inasaga kila pistoni inapopanda na kushuka. Mizunguko 2,500 kwa dakika, kutoka Pande mpaka Masoko!

Chujio nzuri za karatasi zinapopimwa kwa utaratibu wa kimataifa wa ISO 5011 kwa kawaida zinazuia zaidi ya asilimia 99 ya vumbi la majaribio. Koni ya bei chee isiyo na jina, unayoweza kuuziwa Kariakoo au Gerezani, hujui imepimwa wapi, na nani. Tuseme inazuia asilimia 97. Mtu anasema aah, tofauti ni mbili tu. Hapana. Usiangalie kilichozuiwa, angalia kilichopita. Kwenye gramu 100 za vumbi, ya kwanza imepitisha gramu 1, ya pili imepitisha gramu 3. Injini imekula mchanga mara tatu.

Dalili haziji siku hiyo. Zinakuja baada ya miezi: oili inapungua bila kuvuja popote, moshi wa bluu nyuma, plagi zinalowa oili, mgandamizo unashuka, na gari linakuwa zito kuliko lilivyokuwa kabla ya koni. Mwisho fundi anakuambia injini ishushwe. Kama gari ni la bosi na wewe unapeleka hesabu kila siku, hapo kazi imeisha. Kijana anapoteza mkate kwa sababu ya mngurumo.

Wazee wetu walilijua hili. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa Rufiji mwaka 2003, kwenda Dar kwa barabara ilikuwa kuvuka na kivuko na kupiga vumbi na tope. Land Rover za zamani zilikuwa na ea-klina yenye bakuli la oili ndani yake. Hewa inashuka kwa kasi, inageuka ghafla juu ya oili, vumbi zito linashindwa kugeuka, linazama. Na mpaka leo angalia Land Cruiser za kazi na matrekta: utaona lile bomba refu linalopanda juu karibu na kioo, wengine wanafunga na kofia kama uyoga juu yake. Kazi yake ni kuchota hewa safi juu ya wingu la vumbi, na kuzungusha vumbi zito liangukie pembeni kabla halijafika kwenye chujio. Magari ya kazi ngumu kuliko yote yanaongeza ulinzi wa hewa, sisi wa Probox tunautoa!

NA MAJI JE?

Kuna aina nyingine ya koni ambayo haikai juu, inashushwa chini karibu na bampa ili ipate hewa baridi. Kwa joto ni bora zaidi. Kwa Kilwa ni hatari. Mnakumbuka Mei 2024, mvua kubwa na Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar kwenda Lindi ilikatika pale Somanga na sehemu nyingine, watu wakakwama siku kadhaa. Hata bila kimbunga, masika tunavuka madimbwi kila siku.

Hewa inagandamizika, maji hayagandamiziki. Koni ikizama dimbwini, injini inavuta maji, pistoni inapanda inakutana na kitu kisichokubali kubanwa, na mkono wa pistoni unapinda au unavunjika. Ni sekunde moja tu. Ikikutokea gari limezimika ndani ya maji, usipige stata tena. Livute nje, ea-klina ifunguliwe iangaliwe kwanza.

WA BODABODA NA NYIE MSICHEKE

Maana kuna wanaotoa kabisa ea-klina ya Boxer au TVS ili pikipiki "ipumue". Pikipiki ya kabureta haina kompyuta ya kurekebisha. Ukiongeza hewa bila kubadilisha jeti, mchanganyiko unakuwa na petroli kidogo: inakohoa ukifungua mafuta ghafla, inachemka sana, plagi inakuwa nyeupe. Na vumbi linaingia moja kwa moja. Injini yenye silinda moja ndogo haichukui muda mrefu kuisha.

UFANYE NINI BASI?

1. Nunua ea-klina ya karatasi inayolingana na gari lako. Kwa bei ya koni moja na bomba lake unapata za kawaida kadhaa. Hiyo ndo njia ya kurudisha nguvu iliyopotea.

2. Kitabu cha gari kikisema badilisha baada ya kilomita kadhaa, jua kimeandikiwa lami. Kwa njia ya vumbi fungua uangalie mapema zaidi.

3. Ukiipuliza kwa kompresa, puliza kutokea ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo na kwa mbali. Upepo mkali unatoboa karatasi. Usiioshe kwa petroli wala sabuni.

4. Usiipulize kila siku. Karatasi yenye vumbi kidogo juu yake inachuja vizuri kuliko mpya, na kila ukifungua boksi vumbi linapata nafasi ya kuingia upande wa ndani.

5. Washa tochi ya simu ndani ya chujio sehemu yenye giza. Ukiona vitundu vya mwanga, tupa.

6. Angalia klipu za boksi na mpira wa bomba. Bomba likiwa na ufa baada ya chujio, hata ununue chujio la dhahabu, injini inakula vumbi tu.

7. Gari likiendelea kuwa zito, kagua plagi, upepo wa matairi, breki zinazobana na mgandamizo. Mara nyingi nguvu imepotelea huko.

Na kama una koni tayari na unabisha, tupime. Kilima kimoja, mzigo uleule, gia ileile, mbali na makazi ya watu. Mmoja aendeshe na mwingine ashike saa. Kwanza na karatasi mpya, halafu na koni, mara tatu tatu. Usitumie masikio, tumia saa.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Mafundi mliopo Masoko, Nangurukuru na Lindi nirekebisheni kama kuna kitu nimekiruka. Na nyie wenye koni leteni muda wenu hapo kwenye maoni, wa karatasi mpya na wa koni, tuuone wote.